Maswali na majibu: Valvu iliyonyamaza ndiyo inayoungua

Safari hii ni valvu tupu, yaani milango inayoingiza hewa na kutoa moshi kwenye silinda, kwa sababu ndizo mlizouliza zaidi. Walioandika "gari halina nguvu, tatizo nini?" bila kutaja aina ya injini wala dalili, sina cha kuwajibu. Taja injini, sema dalili inatokea ikiwa baridi au ikiwa na moto, na kama umepima kompresheni (nguvu ya silinda kubana hewa) andika namba ya kila silinda.

Fundi, habari za kazi. Pikipiki yangu ya Kichina ya 125, zile ambazo roka husukumwa na fimbo, ilikuwa inagonga tapeti. Fundi wa hapa stendi akazikaza mpaka kelele ikaisha. Asubuhi inawaka, lakini nikipanda mlima na abiria nguvu zinakwisha, na nikiizima ikiwa na moto haiwaki tena mpaka ipoe. (Dereva wa bodaboda, Mafinga)

Nzuri, kaka. Fundi amekuondolea kelele akakupa ugonjwa. Ile nafasi ya tapeti, kati ya roka (mkono unaosukuma valvu) na ncha ya shina la valvu, haikuachwa kwa bahati mbaya. Shina likipata moto linarefuka, na lisipokuwa na pa kurefukia linaegemea roka kabla valvu haijakaa kwenye siti, yaani ringi inayoikalia ikifunga. Valvu inabaki wazi kidogo sana, jicho halioni, lakini moto unapita.

Valvu ya ekzosti, ile ya kutoa moshi, hufanya kazi kwenye nyuzi 700 hadi 800 za Selsiasi. Karibu robo tatu ya joto hilo hutokea kwenye siti, katika muda ule mfupi valvu ikiwa imefunga. Linalobaki hupita kwenye shina na gaidi, yaani bomba ambamo shina hupanda na kushuka. Valvu isiyokaa haina pa kutolea joto, na ukingo wake huanza kuliwa upande mmoja. Ndiyo maana pikipiki yako inawaka ikiwa baridi na kugoma ikiwa na moto: nafasi ipo asubuhi, mchana haipo.

Fanya hivi. Injini iwe imelala usiku kucha. Vua plagi, fungua kifuniko cha roka, zungusha krenki kwa mkono kufuata mwelekeo wake mpaka alama ya T (pistoni iko juu kabisa) ya kwenye gurudumu la sumaku ikutane na alama ya kava. Tikisa roka zote mbili. Zikicheza zote, uko mahali sahihi. Mojawapo ikikaza, zungusha mzunguko mmoja zaidi. Kwa injini hizi za fimbo weka milimita 0.08 kwenye valvu zote mbili. Fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi) ipite kwa kukwamakwama, isiteleze. Shikilia skrubu wakati unakaza nati, halafu pima tena, maana nati ikikazwa huvuta skrubu, na wengi hawarudii kupima. Bodaboda ikaguliwe kila kilomita 3,000.

Ukishaweka 0.08 na bado haivuti, valvu imeshaungua na kichwa cha injini lazima kifunguliwe. Na mlio mwepesi wa tapeti asubuhi uache kama ulivyo. Anayekaza tapeti kwa kusikiliza, bila fila geji mkononi, usimpe pikipiki yako.

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Nikiweka valvu kubwa zaidi, gari litapata hewa kama la Dar? (Msomaji, Soweto, Mbeya)

Hapana. Hewa ya huku ni pungufu kwa karibu asilimia 15 na valvu haiwezi kuiongeza. Turbo ndiyo inayoweza.

Shikamoo. Mashine yangu ya kusaga inaendeshwa na injini ya dizeli ya S195. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi inagoma kuwaka, tunazungusha hendeli mpaka mikono inakufa ganzi. Fundi amesaga valvu mara tatu ndani ya mwaka, na kila akisaga inawaka wiki mbili tu. (Mwenye mashine, Njombe)

Marahaba. Kusaga huko ndiko kunakokumaliza. Pesti ya kusagia ni ya kumalizia kazi, haikutengenezwa kunyoosha siti iliyoharibika. Kila ukisaga unakula chuma cha siti na cha valvu, na valvu inazidi kuzama ndani ya kichwa.

Piga hesabu nami. S195 ina silinda ya upana wa milimita 95 na pistoni inasafiri milimita 115, sawa na sentimita za ujazo 815. Kwa uwiano wa kubana hewa wa 20 kwa 1, nafasi ya kubania hewa inayobaki juu ni kama 43 tu. Valvu ya upana wa milimita 40 ikizama milimita 1 inaongeza 1.25 kwenye nafasi hiyo. Zikizama mbili, uwiano unashuka kuelekea 19. Dizeli haina plagi ya kuichoma, inategemea joto la hewa iliyobanwa. Huko kwenu Julai hewa inaingia ikiwa karibu na kuganda, na upungufu huo unatosha kuinyima moto.

Tatizo la pili ni upana wa siti. Siti iliyosagwa ovyo inapanuka. Inayotakiwa ni mstari wa milimita 1 hadi 1.5 kwenye valvu ya kuingiza, na 1.5 hadi 2 kwenye ekzosti kwa sababu hiyo inahitaji kutoa joto zaidi. Siti ikiwa pana kupita kiasi, msukumo wa springi unatawanyika, masizi yanabaki katikati, na valvu inaanza kuvuja ndani ya wiki mbili kama unavyosema.

Peleka kichwa karakana ya kuchonga. Waanze na gaidi: shina likicheza kwenye gaidi, siti yoyote utakayochonga itakuwa kazi bure, kwa sababu valvu haitui mahali pamoja mara mbili. Gaidi zikiwa mpya, watoe siti zilizochoka na kugonga ringi mpya za siti, kisha wachonge nyuzi 45 na kupunguza upana juu na chini. Valvu ambayo ukingo wake wa nje umebaki chini ya milimita 1 usiirudishe, hasa ya ekzosti. Ukingo mwembamba unashika wekundu na kuungua haraka.

Kabla ya kulipa, kagua mwenyewe. Chora mistari ya penseli kukatiza uso wa valvu pande zote, kama milimita 5 kutoka mstari hadi mstari. Ingiza valvu, ikandamize, izungushe robo mzunguko, itoe. Kila mstari uwe umekatika mahali pamoja. Uliobaki mzima unakuonyesha pa kuvuja. Ukitaka uhakika zaidi, funga springi, mimina mafuta ya taa kwenye tundu la ekzosti na uangalie upande wa pili kwa dakika tano. Pasilowe.

Ukirudisha, weka milimita 0.35 valvu ya kuingiza na 0.45 ya ekzosti, injini ikiwa baridi. Na osha pesti yote kwa mafuta ya taa na brashi, hadi ndani ya gaidi. Ikibaki humo inaendelea kusaga shina kila injini inapozunguka.

Nikiteremka kutoka Uyole kwenda Tukuyu hakuna moshi. Nikikanyaga mafuta baada ya mteremko, unatoka wingu la bluu, halafu unaisha. Nimeambiwa ni ringi za pistoni, nifanye ovaho, yaani nifungue injini nzima. Gari ni la petroli. (Msomaji, Rungwe)

Usifanye ovaho. Ukiteremka umeachia mafuta, mfumo wa kuingiza hewa unanyonya kwa nguvu kubwa, na oili inavutwa kupitia sili za valvu zilizokauka. Inajikusanya, ukikanyaga inaungua. Moshi wa ringi hauishi namna hiyo, unakufuata mlima mzima.

Badili sili za valvu. Kwa injini nyingi si lazima kufungua kichwa: pistoni inapandishwa juu, silinda inajazwa upepo kupitia tundu la plagi ili valvu isidondoke, springi inabanwa na sili inabadilishwa. Ukiwa hapo tikisa shina. Likicheza wazi kushoto na kulia, gaidi imekwisha na sili mpya haitadumu.

Kwa nini valvu ya kuingiza ni kubwa kuliko ya ekzosti, na kwa nini magari ya sasa yana nne kwa kila silinda? (Mwanafunzi wa ufundi magari, Iringa)

Swali zuri, na ningependa mafundi wengi zaidi waliulize. Moshi unatoka ukisukumwa na msukumo uliobaki ndani ya silinda. Hewa inaingia kwa msukumo wa anga peke yake, hivyo inahitaji mlango mpana zaidi.

Kuhusu nne, angalia njia halisi ya hewa. Valvu ikiinuka, hewa hupita kwenye duara linalozunguka ukingo wake: mzingo wa valvu mara kimo ilichoinuka. Ikiinuka robo ya upana wake, njia hiyo inalingana na eneo la tundu lenyewe, na kuiinua zaidi ya hapo hakuongezi kitu cha maana. Sasa linganisha valvu moja ya milimita 36 na mbili za milimita 28. Kwa kimo kilekile, mbili zinatoa mzingo wa milimita 176 dhidi ya 113. Pia kila moja ni nyepesi, kwa hiyo springi haihitaji nguvu nyingi kuirudisha kwa kasi, na plagi inapata nafasi ya kukaa katikati. Si jambo jipya: gari la mashindano la Peugeot la 1912 lilikuwa na valvu nne kwa silinda na kemshafti (shafti za kufungulia valvu) mbili juu ya kichwa.

Nimenunua Toyota IST iliyofungwa gesi Dar. Inatikisika ikisimama, ikienda iko sawa. (Msomaji, Makambako)

Pima nafasi za valvu kwanza. Gesi ni kavu, haiachi chochote cha kulainisha kati ya valvu na siti, na siti zinaliwa. Valvu inapanda kuelekea kemshafti na nafasi inapungua kimyakimya, bila mlio wowote wa kukuonya. Injini ya 1NZ, inayotumika kwenye IST, inataka milimita 0.15 hadi 0.25 ya kuingiza na 0.25 hadi 0.35 ya ekzosti, ikiwa baridi. Hurekebishwa kwa kubadili vikombe vinavyokaa juu ya valvu, vya unene tofauti, hakuna skrubu. Ni kazi ya mtu mwenye maikromita. Siti kuliwa hivyo ndiko kulikoyapata magari ya zamani yenye siti laini, petroli yenye risasi ilipoondolewa kusini mwa Sahara kufikia 2006.

Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, belti ya taimingi (inayoendesha kemshafti) imekatika karibu na Igawa. Nibadili belti niendelee? (Dereva, Mbarali)

Nimeshajibu hili mara nyingi. Usiguse stata. Pistoni ya dizeli inakaribia kichwa kiasi kwamba valvu iliyobaki wazi inagongwa. Fungua kifuniko cha juu, na kila kemshafti inapoachia valvu pima nafasi yake. Ya kawaida ni 0.15 hadi 0.25 kwa kuingiza na 0.35 hadi 0.45 kwa ekzosti. Valvu iliyopinda hairudi juu, kwa hiyo nafasi yake inakuwa kubwa kupita hapo. Ukiikuta moja, fungua kichwa. Belti hii hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukinunua gari bila kujua historia yake, ibadili siku hiyohiyo.

Nikishuka Kitonga na mzigo niliingiza gia ndogo, injini ikalia sana, ikaanza kutikisika. Fundi amekuta fimbo mbili zimepinda. Anasema tubadili fimbo tu. (Dereva wa lori, Iringa)

Tajiri wako akatae, na wewe kataa. Kwenye mteremko gavana, kidhibiti cha mizunguko ya injini, hawezi kukuokoa: anakata dizeli, lakini magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Injini ya mizunguko 2,200 kwa dakika ikisukumwa hadi 3,000, nguvu inayohitajika kuirudisha valvu inapanda karibu mara 1.9. Springi haiwezi. Valvu inachelewa kufunga, pistoni inaikuta njiani, na fimbo kwa kuwa ndiyo dhaifu inapinda. Iliyogongwa ni valvu.

Kichwa kishuke. Tazama alama kwenye pistoni, viringisha kila shina juu ya kioo, kagua gaidi kama zina nyufa, linganisha urefu wa springi zote na mpya. Valvu iliyopinda kidogo itafunga leo, itakatika kichwa baadaye na kutoboa pistoni.

Ekzosti breki, inayobana moshi usitoke ili injini ipunguze mwendo, nayo inahusika. Kipepeo chake huachwa na upenyo maalumu ili msukumo wa moshi usizidi nguvu ya springi. Kuna wanaoziba upenyo huo breki ishike zaidi. Matokeo yake msukumo wa silinda moja unafungua valvu ya ekzosti ya jirani yake na kuipigiza kwenye siti mteremko mzima. Gia ichaguliwe juu, kabla ya kona ya kwanza, na mguu wa breki ufanye kazi ya kurudisha mizunguko chini.

Nitajuaje valvu ya ekzosti ya dukani ni nzuri? (Fundi, Tunduma)

Nenda na sumaku. Kwa injini nyingi za petroli, shina la chini linashika sumaku na kichwa hakishiki, kwa sababu kichwa ni chuma cha nikeli kinachostahimili moto kilichounganishwa na shina la chuma cha kawaida. Ya kuingiza hushika yote. Ukikuta "ekzosti" inayoshika mpaka kichwani, ilinganishe na ile ya zamani uliyotoa, na zikitofautiana iache. Pima shina kwa maikromita sehemu tatu, na pitisha tupa kwenye ncha: isiume.

Na onyo kwa wanaogeuza valvu kuukuu kuwa patasi na panchi. Baadhi ya valvu za ekzosti zina shina lenye uwazi lililojazwa sodiamu, inayoyeyuka kwenye nyuzi 98 na kubeba joto kutoka kichwani. Sodiamu ikikutana na maji inalipuka. Valvu yenye shina nene kuliko kawaida isikatwe, isichomwe, isitobolewe.