Fatima wa parokiani, Fatuma wa Pangani

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama jina la kigeni humpotezea mtoto asili yake. Kwa familia yetu kidonda kiko pengine kidogo. Kwetu hakuna aliyelalamika kwamba jina ni la kigeni. Tulivutana kuhusu jina ni la nani. Na jina lenyewe ni Fatima, ambalo Mreno au Mhispania Mkatoliki humpa binti yake bila mtu yeyote kugeuza shingo.

Msimamo wangu nautanguliza: jina halina hatimiliki ya dini. Fatima lilikuwa jina la binti wa Mtume Muhammad, mke wa Ali, mama wa Hasan na Husein. Waislamu waliingia rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno za leo, mwaka 711, na utawala wao wa mwisho, wa Granada, ukaanguka 1492. Katika karne zote hizo waliacha majina yao kwenye mito, milima na vijiji. Kimojawapo ni Fátima, kilichokuwa kijiji na leo ni mji, karibu na mji wa Ourém, katikati ya Ureno. Wenyeji wana hadithi yake: mnamo 1158 shujaa mmoja wa Kikristo, Gonçalo Hermigues, alimteka binti mfalme wa Wamori, ndio hao Waislamu wa Iberia, aitwaye Fátima, wakapendana, binti akabatizwa na kupewa jina jipya, Oureana. Ndiyo maana, wanasema, mji ukaitwa Ourém na kijiji cha jirani kikabaki na jina la kwanza la bibi harusi. Mimi naichukua kama hadithi tu, lakini naomba mkumbuke hapo palipo na ubatizo na jina kubadilishwa, nitaparudia.

Ya mwaka 1917 Wakatoliki wengi mnayajua. Watoto watatu wachunga kondoo, Lúcia na binamu zake wawili Francisco na Jacinta, walisema wamemwona Bikira Maria mahali paitwapo Cova da Iria, kuanzia tarehe 13 Mei hadi 13 Oktoba. Askofu wa Leiria akaidhinisha ibada hiyo mwaka 1930. Kila tunaposali rozari na kuongeza ile sala ya "Ee Yesu wangu" baada ya Atukuzwe, tunasali sala iliyotoka kwa watoto hao. Basi wazazi wa Ureno, na baadaye Hispania na Brazil, wakawa wanawaita mabinti Maria de Fátima, au Fátima tu. Desturi yenyewe wanayo tangu zamani. Pilar, Dolores, Carmen, Mercedes, wote hao ni Maria yule yule, kwa sifa yake au kwa mahali anapoheshimiwa. Sisi nasi tumejaa kina Konsolata, Imakulata na Asumpta, na hakuna anayewauliza.

Sasa niwapeleke ofisini.

Wifi yangu alibeba mimba ya shida, miezi mingi akiwa amelala, rozari mkononi, na akaweka nadhiri kwamba akijaliwa binti atamwita Fatima. Mtoto akazaliwa salama. Tukaenda parokiani kumwandikisha ubatizo: kaka yangu, wifi, mama wa ubatizo na mimi niliyembeba mtoto. Parokia siitaji. Tulimkuta katekista, mzee wa watu, tunamwita Mwalimu. Kitabu chake cha ubatizo kilikuwa kikubwa kama meza ndogo, na kila mstari aliupiga kwa rula kabla ya kuandika. Akaandika tarehe ya kuzaliwa. Akaandika baba na mama. Akaandika hata namba ya cheti cha ndoa yao, polepole, kwa wino wa bluu. Kisha akauliza, "Jina la ubatizo?"

"Fatima."

"Hilo la nyumbani. Nauliza la ubatizo."

"Ndilo hilo, Mwalimu."

Akaiweka kalamu juu ya rula. "Mnajua hilo jina ni la kina nani."

Wifi akasema ni kwa heshima ya Bikira Maria wa Fatima. Mwalimu akajibu bila kupandisha sauti: "Bikira ni Maria. Fatima ni kijiji. Mtoto habatizwi kijiji." Kaka yangu, ambaye hasira zake ziko karibu, akamuuliza mbona Konsolata anawaandika kila mwaka. Mama wa ubatizo, mwanamke wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, aliyezoea kusimama mbele ya watu, akafungua mkoba, akatoa medali yenye sura ya Mama na watoto watatu wamepiga magoti, akaiweka katikati ya ukurasa ule safi. Mwalimu akaitazama, akaibusu, akaisogeza pembeni. Halafu akasema neno ambalo sijalisahau: "Mimi nitakufa. Kadi ya ubatizo itabaki. Siku anakwenda kufunga ndoa, padre wa huko ataisoma na kuuliza, huyu alibatizwa kweli au kadi imechanganywa? Nani atakuwepo kumjibu?"

Wifi akalia. Mtoto naye akaanza. Paroko akasikia, akatoka chumbani kwake, akasikiliza pande zote akiwa amesimama, akasema, "Andika Maria wa Fatima." Mwalimu akapiga mstari wake, akaandika.

Nilikasirika sana siku ile, na kwa upande wa sheria bado naona tulikuwa na haki. Kanuni ya 855 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inakataza tu jina lisilopatana na maana ya Kikristo. Ile sheria ya zamani ndiyo iliyomtaka padre aongeze jina la mtakatifu kama wazazi hawakulileta, nayo ilitangazwa tarehe 27 Mei 1917, wiki mbili tu baada ya wale watoto kusema wamemwona Mama kwa mara ya kwanza. Mwalimu alilelewa katika mazoea ya sheria hiyo.

Lakini tangu nimeanza kuandika barua hii, anayenijia zaidi ni bibi yetu, mzaa mama, Mwislamu wa Pangani, na Mwalimu anazidi kurudi nyuma.

Bibi alikuja kumwona mtoto na doti mbili za khanga. Akaambiwa jina. "Fatuma!" akasema, maana kwa ulimi wake Fatima ni Fatuma. "Mama yangu amerudi." Mama yake mzazi aliitwa hivyo. Akampakata, akamwombea dua ndefu, akawapigia simu ndugu zake wote. Kaka yangu akanyamaza, na wazee wakamwacha anyamaze, kwa sababu hakuna uongo uliosemwa na mzee amefurahi. Kila Idi ikaja nguo ya "mama yangu". Miaka ikapita, mtoto akaanza mafundisho ya komunyo ya kwanza. Likizo moja akiwa Pangani akamsimulia bibi, kwa furaha yake yote, jinsi alivyoitwa kwa ajili ya Bikira Maria aliyewatokea watoto wa Ureno. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Tulipokwenda kumchukua mtoto akatuuliza sisi watu wazima swali moja: "Kwa hiyo hamkumwita mama yangu?"

Nguo za Idi ziliendelea kuja mpaka bibi alipofariki. Jina "mama yangu" hakulitumia tena.

Hapo ndipo msimamo wangu wa mwanzo unaponishinda. Yule binti mfalme wa hadithi alivuliwa jina lake mbele ya watu wote, kila mmoja akajua. Kule Msumbiji, msichana Mwislamu wa Pemba na msichana Mkatoliki wa Beira wanaweza kuandika Fátima kwa herufi zile zile, na kila mmoja nyumbani kwao anajua ameitwa kwa ajili ya nani. Kwetu sisi jina moja lilitumika kwa pande mbili, na ukweli ukaletwa na mtoto. Mwalimu, kwa ugumu wake wote, alitaka kitabu kiseme waziwazi, na "Maria wa Fatima" inasema waziwazi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: ukigeni wa jina haumpotezei mtoto kitu. Lakini Fatima, ninayemtetea kote huku, nisingemshauri kwa nyumba yenye dini mbili, isipokuwa wazazi wawaendee wazee wa pande zote kabla ya ubatizo na kuwaambia mtoto ataitwa kwa ajili ya nani. Nyumba iliyo ya Wakatoliki watupu hili haliihusu, wala ya Waislamu watupu. Na wazee wakikubali mtoto abebe wote wawili, Mama wa Yesu na mama wa bibi, basi atangazwe hivyo hivyo mbele ya watu. Katekista akikataa kuandika, ombeni kuonana na paroko.