Unaenda Japani kununua vifaa? Geuza mzigo uangalie chini kwanza

Wiki hii msomaji mmoja wa Mwanza, mpiga picha za harusi kama mimi, kaniandikia: "Kaka, mwezi ujao naenda Osaka, nirudi na nini?" Chini yake orodha: kamera ya Sony, lenzi, raiskuka ya mama mkwe, Nintendo ya watoto. Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti mrefu hadi nikajionea aibu, basi nauandika hapa, maana humu ndani sijui nani asiyetamani kuingia Akihabara, mtaa wa vifaa vya umeme kule Tokyo, akiwa na pesa mfukoni.

Wajapani wanatengeneza vitu vya kuuza nje na vitu vya kutumia wenyewe, na ile bei inayokutoa udenda rafuni mara nyingi ni ya hivyo vya kwao. Sisi tungepaswa kulijua hili kuliko watu wote. Yule dada anayeongea Kijapani kila ukiwasha Vitz anakudai kadi ya ETC, ya kulipia barabara za kwao. Redio yake inaanzia 76 na kugota 90, wakati stesheni zetu ziko 88 hadi 108, ndiyo maana fundi anakufungia ekspanda. Gari zima kabisa, ila lilitengenezewa mtu wa Yokohama.

Kamera ni hivyo hivyo. Sony nyingi za soko la ndani zina menyu ya Kijapani peke yake, na hakuna mahali pa kubadilisha. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji awashe, mfungue ukurasa wa lugha, ukione Kiingereza kwa macho yako. Toleo la kimataifa lipo kwenye baadhi ya maduka yanayohudumia wageni, lakini bei yake piga hesabu na ya Dubai au Kariakoo kwanza, usije ukabeba ufahari tu. Nintendo nao wamesema wazi: Switch 2 ilipotoka Juni 2025, ya Kijapani pekee ilikuwa yeni 49,980 na ya lugha nyingi 69,980. Ile ya bei rahisi inakubali akaunti za Japani tu. Mtoto wa Nyegezi ataifanyia nini?

Mimi niliachana na kamera nikafuata lenzi, na hapa naomba mniache nijisifu kidogo. Lenzi haina lugha. Nyuma ya kituo cha Shinjuku, upande wa magharibi, kuna maduka ya kamera za mtumba ambayo ukiingia asubuhi unatoka jioni. Kila lenzi ina kikaratasi chenye daraja la ubora na kasoro zake zote: mkwaruzo, vumbi, fangasi. Nilisoma kwa programu ya kutafsiri ya simu. Nilikuwa nawinda 70-200 ya f/2.8, ile zumu ya kuvuta walio mbali hata ukumbini penye mwanga hafifu. Muuzaji akaniletea mbili kwenye trei yenye kitambaa cheusi, akazipanga taratibu kama anaandika mtihani. Ya kwanza ilikuwa inang'aa. Nikawasha tochi, nikaimulika kwa nyuma huku nachungulia mbele: pembeni ya kioo cha ndani kulikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba, zimetawanyika. Fangasi hao. Kwa unyevu wa Dar wangeshangilia. Ya pili rangi imebanduka, pete ya zumu imechakaa, ila vioo safi kabisa. Nikaifunga kwenye kamera yangu, nikapiga picha za ukuta, za dirisha, za muuzaji mwenyewe (alikubali, akainama). Kikaratasi kilisema yeni 110,000 pamoja na kodi. Nikatoa pasipoti, wakaikata kodi, nikalipa 100,000. Waliokuwa wananicheka kwamba nimepanda ndege kufuata mtumba leo wananiomba niwaazime lenzi hiyo hiyo.

Kwa hiyo chunguza kioo, si ngozi. Na chunguza tena.

Tuje kwenye umeme, ambako ndiko ndugu wanapogombana. Japani wanatumia volti 100, sisi 230. Chaja za simu, laputopu na kamera nyingi zimeandikwa chini "INPUT 100–240V", hizo beba, utahitaji adapta ya plagi tu. Kitu kinachochemsha au kukausha, kikiwa kimeandikwa 100V peke yake, kiache. Mama yangu mdogo alinituma raiskuka. Nikamweleza kwa upole kwamba umeme wetu utakisukuma chombo kile zaidi ya mara tano ya nguvu yake, na transfoma ya kukibeba ina uzito wa kuzidi zawadi yenyewe. Akasema, "Sema tu umekuwa bahili siku hizi." Binamu yangu akamletea mwaka uliofuata. Ilipika chungu kimoja, hata hicho hakikuiva. Fundi wa Tabata akaifungua, akaifunga, akarudisha. Hakuna aliyenipigia kuniambia nilikuwa sahihi, na harusi ya binti wa mama mdogo ilipigwa picha na mtu mwingine. Sawa.

Vijana wenzangu, jifunzeni kusema hapana kabla ya safari. Anayekutuma hatakuwepo mkipima begi pale uwanja wa ndege wa Narita. Geuza mzigo, soma chini, na kisichosomeka usikibebe hata akulilie.

Kuhusu kodi: ni asilimia 10, na mtalii anasamehewa akinunua kuanzia yeni 5,000 kabla ya kodi, duka moja, siku moja. Pasipoti yenyewe, siyo kopi. Hadi mwisho wa Oktoba 2026 duka linaikata palepale. Kuanzia Novemba 1 unalipa yote, forodha ya uwanja wa ndege inathibitisha kwamba unaondoka na mzigo, ndipo unarudishiwa. Usiutumbukize kwenye begi la kukabidhi kabla hawajauona. Betri za akiba na pawabenki zinakaa begi la mkononi kwa vyovyote. Na dhamana ya kiwandani ya vitu vya soko la ndani kwa kawaida inaishia Japani, kwa hiyo kila ulichonunua kiwashe na ukijaribu hotelini usiku uleule, wakati duka bado liko mtaa wa pili na risiti iko mkononi.