Jibu: Pilipili gani ya kupeleka Forodhani Jumamosi?

Dada, umeuliza utengeneze pilipili gani ya kuonjesha wapenda pilipili wenzako mnaokutana Forodhani, pale penye soko la vyakula la jioni Mji Mkongwe, Zanzibar, Jumamosi jioni, isiyoharibika njiani na inayokwenda na vya pale. Mimi ningepika ya ukwaju. Roweka ukwaju kwenye maji ya moto, uchuje upate rojo zito. Saga pilipili mbuzi pamoja na thomu (kitunguu saumu), chumvi na embe bichi, changanya na huo ukwaju, kisha chemsha moto mdogo mpaka iwe nzito. Ukikaribia kuepua tia siki. Ukifika nyumbani kinachobaki kirudi kwenye friji.

Wapo watakaokushauri uloweke thomu mbichi na pilipili kwenye mafuta. Inanukia kweli, lakini ikikaa nje ya friji inaweza kuota sumu ya botulizimu, na huwezi kuijua kwa kunusa wala kuonja. Achana nayo.

Kwenye mishkaki hiyo ya ukwaju itafaa sana. Urojo, ule mchuzi mzito wa Kizanzibari, tayari una uchachu wake, kwa hiyo matone tu. Pweza ningemwachia ndimu na chumvi, najua wengi mtanipinga.

Pilipili mbuzi hazilingani ukali hata zikitoka fungu moja, basi onja kabla ya kumpa mtu. Atakayezidiwa apewe maziwa au mtindi. Kapsaisini, ile inayowasha, haiyeyuki kwenye maji. Juisi ya miwa tamu, ila haitamsaidia sana. Na ulizeni bei kabla sahani haijajazwa.