Moto wa Pili Haufuti Sumu

Wiki hii nimepata ujumbe wa mama mmoja wa Malindi. Jodari alinunuliwa alasiri, akakaangwa, watoto wawili na shangazi yao wakala. Haikutimia saa nzima nyuso zikawaiva, harara zikatoka kifuani, vichwa vikawauma, mdogo akatapika. Anauliza: "Nilimkaanga mpaka akakauka, imekuwaje?" Majirani wameshampa jibu lao: jicho la watu.

Hapana, ni histamini. Jodari, sehewa, nguru na vibua wana nyama ambayo bakteria wakipata joto huigeuza sumu hiyo, na bakteria wenyewe wamo kwenye matamvua na matumbo tangu samaki yu hai. Kikaango huua bakteria. Histamini yenyewe haiondoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha. Haina harufu pia, ndiyo maana kunusa hakutoshi. Wengine huhisi tu ukali kama wa pilipili ulimini, na hapo ni kutema. Dalili ya kuitambua ni kwamba huwashika wengi waliokula samaki yule yule, ilhali aleji kwa kawaida humchagua mtu. Lakini anayebanwa na pumzi au kuvimba ulimi akimbizwe hospitali kwanza, ubishi baadaye.

Kwa hiyo kazi yote ni kabla ya jiko. Muulize muuzaji: alitiwa barafu chomboni, au baada ya kufika pwani? Siku za kaskazi samaki aliyelala juani saa chache huwa ameshaharibika, na barafu ya baadaye humfanya apendeze tu. Ukimnunua, mtoe matumbo na matamvua mara moja, mkate vipande, umlaze kwenye barafu iliyopondwa, kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, juu na chini, maji yapate pa kutokea. Huna barafu wala friji? Nunua changu au tafi wa siku hiyo, umpike siku hiyo. Si aibu.

Wali nao una mkasa wa aina hiyo, na hapa ndipo wazazi hunibishia sana. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemka. Pilau ikiachwa ndani ya sufuria kubwa iliyofunikwa, katikati yake hubaki vuguvugu usiku kucha. Mbegu huamka, huzaana, hutoa sumu ya kutapisha. Sumu hiyo imepimwa ikastahimili nyuzi 121 kwa saa moja na nusu. Jiko lako la mkaa litaifanya nini? Mtoto anayekula mwiku uliopashwa vizuri hutapika baada ya saa moja hadi sita, na lawama huenda kwa chai.

Wali wa kulala haukatazwi. Unaoharibu ni ule uliolala mezani. Kabla saa mbili hazijapita tangu uepuliwe, au saa moja kukiwa na joto la kutoa jasho, utandaze kwenye sinia kina cha vidole viwili, ufunike kwa kawa mvuke utoke, ukipoa uingie friji. Uliwe kesho yake, upashwe mara moja tu, mpaka utoe moshi kote. Wali wa nazi na mchuzi wa tui usiupe hata nafasi hiyo kama umeme umekatika usiku mzima. Pilau ya harusi iliyoletwa kwenye mfuko usiku wa manane mpe nani? Si mtoto.

Chupa ya chai yenye uji wa mtoto ndiyo hunitia hofu zaidi. Uji hutiwa asubuhi, adhuhuri huwa na joto lile lile bakteria wanalolipenda. Suuza chupa kwa maji yanayochemka, ijaze mpaka juu, kisha tumia kipimo hiki: uji ukimiminwa na unaweza kulambwa bila kupulizwa, umeshashuka chini ya nyuzi 60, mwaga. Asali usimtilie aliye chini ya mwaka mmoja, hata kidogo.

Akishaugua, dawa za kufunga tumbo usimpe. Chemsha maji lita moja, yapoe, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kukata sawa. Yasizidi siku moja. Aliye chini ya miaka miwili hupewa robo hadi nusu kikombe kila akiharisha, mkubwa wake nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika kumi, endelea kijiko kwa kijiko. Anyonyeshwe kama kawaida. Zahanati iulizwe vidonge vya zinki. Choo chenye damu, macho yaliyodidimia, mtoto asiyeweza kunywa au asiyekojoa kwa saa nyingi: hapo usisubiri kuche.