Tovuti nzuri kaipimie juani, stendi ya Kange

Mi tovuti ninazotengeneza nilikuwa nazipima kwa laptop, nimekaa chini ya feni, waifai iko fulu, naona kila kitu kinang'aa najisemea hapa nimetisha. Mpaka siku moja niko stendi ya Kange hapa Tanga, jua la saa saba, natafuta namba ya lodji moja ya Pangani (jina naliacha) niulize kama wana chumba kabla sijapanda gari. Picha ya bahari ikaja nusu ikagoma. Mara likaruka tangazo la kujiunga sijui na nini, kialama cha kulifungia kidogo kama punje ya mtama, kila nikibonyeza kidole kinaangukia kwenye tangazo lenyewe. Nafika chini kabisa, namba ipo, kumbe nayo ni picha! Hukopi, ukiigusa haipigi, na tarakimu za kijivu juu ya weupe, nimeukinga mkono juu ya simu kama naficha karata.

Nikacheka, halafu nikanyamaza. Maana yule mama wa Raskazone niliyemtengenezea tovuti ya vyumba vyake alishaniambia, "Mwanangu, mbona wateja bado wananipigia kuuliza bei?" Bei ilikuwepo, imejificha ndani ya "Huduma Zetu", ubonyeze mara tatu ndo uione. Na picha sita nilipandisha vilevile zilivyotoka kwenye kamera, MB 4 kila moja, yaani mtu anachoma MB 24 za bando lake aone kitanda na chandarua.

Siku hizi namkabidhi mtu simu ya kawaida, hata kama kioo kina ufa, mara nyingi ni bodaboda wa kijiweni kwetu, namwambia nitafutie bei na namba, kisha nafunga mdomo. Kufunga mdomo ndo kazi ngumu, kidole kinawasha kumwonyesha! Akianza kupandisha na kushusha bila kubonyeza popote, ujue umempoteza wewe, usimlaumu. Kuhusu rangi usibishane na mtu, mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya tovuti zisomeke na kila mtu, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane kwa mwangaza na rangi ya nyuma angalau 4.5 kwa 1, na vipimo vya bure vipo mtandaoni. Kijivu changu nilichokipenda kilitoa 2.3, aibu.

Ya mama nimeirudia, bei iko juu kabisa, namba ukiigusa inapiga, picha hazizidi KB 150. Zile picha zilizokuwa zinapokezana zenyewe kwenye ukurasa nimezitoa, analalamika imekosa mbwembwe. Nimemwachia moja ya bahari.