Mwanangu, kasumba ile ilikuwa kwa jina la nani?

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Umesema ulikwenda Humen na wenzako, mkaona mahali Lin Zexu, ofisa wa mfalme wa China, alipoiharibu kasumba ya Waingereza mwaka 1839, na tangu urudi mtaani kwenu Xiaobei, Guangzhou, swali moja halikutoki: "Baba, kama mzigo ulikuwa magendo, na China iliuharibu kwa sheria yake ndani ya nchi yake, ikawaje China hiyohiyo ndiyo ikalipishwa?" Swali hili sikutaka kulijibu kwa simu huku mtandao unakatika. Nimekaa barazani naandika.

Ililipishwa kwa sababu mzigo ule, kabla haujafika mikononi mwa Lin, ulibadilishiwa mwenyewe. Ulitoka kwa wafanyabiashara ukaandikwa kwa jina la serikali ya Malkia wa Uingereza.

Kazi niliyoifanya bandarini Malindi, hapa Unguja, unaijua. Mzigo ukiwa bado baharini, hati yake ya shehena inaweza kutiwa saini nyuma ikakabidhiwa mtu mwingine, na meli ikitia nanga anayekuja kudai si yule uliyemtarajia. Siku moja nilisimama dirishani na mteja wangu wa vigae, tumejiandaa kubishana na muuzaji, mwenye duka kama yeye. Akatokea mwanasheria wa benki. Hati ilikuwa kwao siku zote. Mteja wangu alinyamaza palepale, na mimi nikanyamaza. Hayo ndiyo yaliyotokea Canton, ndiyo Guangzhou unakoishi wewe sasa, ila pahala pa benki weka dola yenye jeshi la majini kubwa kuliko yote duniani.

Tangu mwaka 1757 Wazungu waliokuja kwa bahari waliruhusiwa kufanya biashara Canton tu. Walikaa nje ya ukuta wa mji, kwenye safu ya mabohari kumi na matatu kando ya Mto Pearl. Ndani ya mji hawakuingia, wake zao hawakuruhusiwa kuja, na msimu ukiisha walirudi Macao, mji wa pwani waliokaa Wareno. Hawakuuziana na kila mtu. Kulikuwa na kundi dogo la matajiri wa Kichina waliopewa kibali, na hao ndio waliodhamini ushuru na mwenendo wa wageni mbele ya serikali. Aliyekuwa mkubwa wao Wazungu walimwita Howqua, na utajiri wake ulivuma mpaka London na Boston. Mmoja wao akifilisika, wenzake walitozwa kulipa madeni yake kwa wageni. Hilo lishike, tutalirudia.

Waingereza walitaka chai, na China haikutaka sana bidhaa zao. Ilitaka fedha halisi, zile dola za fedha. Pengo hilo likazibwa kwa kasumba ya India. Kampuni ya Waingereza ya India Mashariki (East India Company) iliinadi Calcutta, wafanyabiashara binafsi wakaipakia, wakaiweka kwenye meli zilizogeuzwa ghala karibu na kisiwa cha Lintin, na mashua za magendo zikaja kuichukua kwa malipo ya fedha taslimu. Kampuni ikaosha mikono, maana kisheria haikufikisha hata kasha moja China. (Neno letu hili "kasumba", ambalo vijana wenzako wanalijua kwa kasumba ya kikoloni tu, kwanza ni jina la kitu chenyewe.)

Dola ya Qing, yaani ukoo wa wafalme waliotawala China, wakati huo ilikuwa kubwa kwa eneo na kwa watu, lakini ndani imeanza kuliwa. Fedha inatoka nje, maofisa wa pwani wanakula rushwa ya kasumba ileile wanayotakiwa kuizuia, na jeshi ni la zamani. Mfalme Daoguang akamtuma Lin Zexu, mtu mwadilifu. Alifika Canton Machi 1839 akadai kasumba yote itolewe. Alipoona wanamzungusha, tarehe 24 Machi alisimamisha biashara, akawaondolea wapishi na watumishi, akawazingira wageni wote ndani ya mabohari yao. Kina Jardine na Matheson, wafanyabiashara wa Uingereza waliotajirika kwa kasumba, walikuwa na kampuni yao mle. Lakini alizingirwa pia Mmarekani wa kampuni ya Olyphant, ambayo haikuigusa kasumba kabisa. Na jioni hiyohiyo akaingia mle Charles Elliot, msimamizi wa biashara aliyewekwa na serikali ya Uingereza.

Mimi namheshimu sana Lin, na kwa hivyo napata uchungu kuandika hili. Kosa lake halikuwa kuiharibu kasumba. Kosa lilikuwa kumfungia ndani ofisa wa serikali pamoja na wauza magendo, kisha kuupokea mzigo kutoka mkononi mwa ofisa yule.

Maana asubuhi ya tarehe 27 Machi Elliot alitoa tangazo. Aliwaamuru Waingereza wote wamkabidhi yeye kasumba yao, kwa niaba ya serikali ya Malkia, naye ataikabidhi kwa Wachina, na akaahidi kwamba serikali itabeba dhamana. Hakuwa na idhini ya kuahidi hivyo. Elliot mwenyewe aliichukia biashara ya kasumba, na nadhani siku ile aliwaza roho za watu tu. Lakini wafanyabiashara walielewa mara moja walichopewa. Lin alikuwa ameshaubana mtaro wa magendo, kasumba imelala haina mnunuzi, na sasa serikali yao inajitokeza kuinunua yote. Waliahidi kutoa makasha 20,283, kila moja kama kilo 60.

Lin akaona ameshinda. Kuanzia tarehe 3 Juni, kwa zaidi ya wiki tatu, kasumba ilitiwa kwenye mashimo yale uliyoyaona, ikachanganywa na chumvi na chokaa, ikafunguliwa kwenda baharini. Alimwandikia hata mungu wa bahari kumwomba radhi kwa uchafu ule. Ofisa wa dola kubwa anaiomba bahari msamaha! Nilipolisoma hilo nilikaa kimya muda mrefu. Kwa hesabu yake alikuwa ameharibu magendo ya wahalifu. Kwa hesabu ya London alikuwa ameharibu mali ya Malkia.

Na London haikutaka kulipa. Thamani ilikuwa kiasi cha pauni milioni mbili na hazina haikuwa nazo za kuwapa wauza kasumba. Palmerston, waziri wa mambo ya nje, akaona njia nyepesi: alipe Mchina. Jardine alikuwa ameshafika London, na ushauri wake ulisikilizwa. Aprili 1840 bunge lilijadili kwa siku tatu. Gladstone, mbunge kijana bado, aliipinga vita hiyo kwa maneno makali, na serikali ikapona kwa kura 271 dhidi ya 262. Kura tisa, mwanangu.

Vita sitakuelezea, umeiona kwenye makumbusho. Twende kwenye mkataba wa Nanjing wa tarehe 29 Agosti 1842, maana jawabu lako limo katika vifungu vyake. China ilitozwa dola milioni 21. Milioni 12 gharama za vita, yaani alipe risasi alizopigwa. Milioni 3 madeni ambayo baadhi ya wale matajiri wenye kibali walidaiwa na Waingereza. Ule utaratibu wa mwenzio akifilisika unamlipia ukageuzwa deni la nchi nzima, na kundi lenyewe likavunjwa. Na milioni 6 ni za kasumba. Kisome vizuri kifungu hicho. Hakisemi China inanunua magendo. Kinasema inalipa thamani ya kasumba iliyotolewa Canton Machi 1839 kama fidia ya kuokoa roho ya msimamizi na raia wa Uingereza waliofungwa. Walichosajili mle ni utekaji nyara. Mkataba wote haukuihalalisha kasumba. Uhalali ulikuja mwaka 1858, baada ya vita nyingine kuanza.

Vita hiyo nayo ilianzia kwenye karatasi. Oktoba 1856 askari wa Canton walipanda chombo kiitwacho Arrow wakawakamata mabaharia 12 wa Kichina kwa tuhuma za uharamia. Mwenye chombo alikuwa Mchina, lakini kiliandikishwa Hong Kong, iliyokuwa chini ya Uingereza. Konseli wa Uingereza (balozi mdogo), Harry Parkes, akadai bendera ya Uingereza imetukanwa. Kumbe usajili ulikuwa umeshakwisha muda siku chache kabla. Mji ukapigwa mizinga hata hivyo, na kabla mwaka kwisha mabohari yale yakaungua. Lile tangazo la Elliot, hata bila idhini, walau halikuwa limekwisha muda.

Na sisi huku tulikuwa kwenye daftari hilohilo. Seyyid Said alitia saini mkataba na Marekani mwaka 1833: ushuru asilimia tano, konseli ndiye hakimu wa Wamarekani wao kwa wao, na akifa mmoja wao konseli ndiye anayepokea mali yake. Mwaka 1839, mwaka uleule wa Humen, akatia saini na Uingereza. Hapo swali la forodhani likawa: huyu ni raia wa nani? Wafanyabiashara wa Kihindi waliokaa Unguja miaka na miaka wakajikuta chini ya konseli wa Kiingereza. Mwaka 1860 konseli Rigby alipowalazimisha kuwaacha huru watumwa wao, hoja yake ilikuwa hiyo tu, kwamba wako chini ya Uingereza. Watumwa walipata uhuru wao, alhamdulillahi. Lakini aliyeamua nani yuko chini ya sheria ipi ndani ya mji wa Sultani hakuwa Sultani.

Sasa nataka kitu kwako. Ukipata siku ya mapumziko nenda Shamian, kisiwa walichojengea Waingereza na Wafaransa baada ya mabohari kuungua. Ukitoka hapo utembee kidogo kuelekea mashariki mpaka bustani ya Cultural Park. Hapo ndipo yalipokuwa yale mabohari kumi na matatu, na kuna makumbusho yake ndani. Nipigie picha ya ramani yoyote inayoonyesha mto ulikuwa unapita wapi zamani, na umbali wa ukuta wa mji.

Na lile kontena unalochangia na wenzako watatu, niandikie hati yake iko kwa jina la nani. Mama yako anakusalimu, anauliza kama baridi imeanza.

Baba yako