Mshale wa temprecha unaruka, ni injini au geji?

SWALI: Fundi habari, gari langu ni la zamani, mshale wa temprecha unaruka ghafla mpaka karibu na nyekundu halafu unashuka wenyewe, na rejeta wala haichemki. Ninunue thamostati mpya?

JIBU: Usinunue kitu bado ndugu yangu. Kwanza injini ikishapoa kabisa, na nakuomba sana mfuniko wa rejeta usiuguse ikiwa ya moto, yale maji yanaruka na yanaunguza vibaya, fungua uone maji yamefika wapi, maana yakipungua hewa inakaa kwenye sensa na mshale unayumba, hiyo ndo hatari yenyewe. Maji yakiwa sawa nenda kwenye umeme, injini haipati moto na kupoa ndani ya sekunde moja, kwa hiyo kagua waya wa sensa kama umelegea au una kutu, na ethi pia, yaani waya unaounganisha umeme na bodi ya gari. Geji ya mafuta nayo inacheza? Zikicheza pamoja, magari mengi ya zamani yana kidhibiti cha volti nyuma ya dashibodi kinacholisha geji zote mbili, anzia hapo. Thamostati, ile vali inayopitisha maji kwenda kwenye rejeta, ikikwama ikiwa imefungwa mshale hupanda polepole. Ukipanda ukabaki huko juu, simama uzime injini.